Wimbo wa Debe

Kwa miaka thelathini Vyura walipiga muziki wao wa ajabu bwawani, na Nyegere aliwashabikia tangu utotoni. Siku hiyo alitoka kwenye onyesho akifoka.

"Saa nzima wanakwaruza mawe! Wimbo wa Debe uko wapi?"

"Mimi mawe yamenikosha," alisema Kanga. "Ulitaka wapige Debe mpaka wafe?"

"Nyamaza, shabiki wa juzi wewe! Hawa wamekwisha!"

Akaligeukia pipa la taka, akalitandika mateke matatu huku akinguruma.

Chura Mkuu alimsogelea taratibu. "Bwana Nyegere, unajua ule wimbo tuliutoa wapi? Marehemu baba yako alikuja kutusikiliza, akasema tumekwisha, akalitandika debe letu la maji mateke matatu huku akinguruma. Tukasikia raha, tukautungia wimbo mlio ule."

Nyegere alipanua kinywa amtukane, lakini nyuma yake Vyura walikuwa wameshaanza kulipiga pipa: mateke matatu, kisha ngurumo. Kanga akaingia kucheza. Kilichomuuma Nyegere kuliko vyote ni mguu wake mwenyewe, uliokuwa tayari unafuata mdundo.