Mapigo ya Elisante

Tangu simu zianze kupitisha mapigo ya moyo, hakuna tena aliyechumbiwa Tukuyu kwa maneno matupu. Ukishika simu, moyo wa mwenzako unadunda kiganjani mwako.

Sekela, fundi cherehani, alikuwa na miezi minne ya uchumba na Elisante, waliyefahamiana naye mtandaoni. Hawakuwahi kuonana, kila safari ya Elisante ya kuja iliahirishwa. Lakini moyo wake! Sekela akifurahi, unakwenda mbio. Akitulia, nao unatulia. Hakujua kama mtu anaweza kupendwa hivyo.

"Ananihisi kabla sijasema, wifi," alimwambia Atupele, mke wa kaka yake. "Ila amenikataza kukuambia."

Atupele aliweka pasi chini. "Amekukataza? Mpigie sasa hivi, kisha panda ngazi mbio. Usimwambie."

Sekela alipanda ghorofa tatu huku Elisante akimsimulia kwa sauti tulivu jinsi alivyolala vizuri. Kiganjani moyo ulidunda kwa kasi ya ajabu. Akaweka vidole shingoni mwake. Pigo kwa pigo, ulikuwa moyo wake mwenyewe, unarudishwa kwake.

"Elisante, una moyo wako?"

"Nina wako, mpenzi. Haukutoshi?"

Alikata simu, akaketi kwenye ngazi akihema. Atupele alipanda taratibu, akamshika mkono. Mshipa wa Atupele ulipiga polepole, kwa mwendo wake wenyewe. Sekela aliushikilia muda mrefu. Baada ya miezi minne alihisi moyo wa mtu mwingine, na ulikuwa mgeni kabisa kwake.