Mwanya Uliozibwa

Mafundi wa serikali walipomaliza kuziba mwanya kati ya ukuta na paa, Mwanashamba aliwauliza, "Na hewa ya jiko itatokea wapi?"

Fundi mmoja akacheka. "Mama, umeletewa joto la bure, nawe unataka kulitoa nje? Tia sahihi hapa."

Akatia.

Kesho yake baridi iliamka na meno, na bintiye Zaituni alikuwa anakohoa. Akamwekea jiko la mkaa chumbani, kama mama yake alivyokuwa akimwekea yeye. Mkaa ulikuwa umekolea, moshi hauna, aogope nini? Akafunga mlango, akaenda bombani.

Aliporudi na ndoo yake akaita, "Amka, mama, unywe uji."

Zaituni hakuamka.

Akambeba mbiombio hadi uani, akamlaza upeponi, akamfunika kanga. Jirani yake, Bi Tatu, alichungulia chumbani, kichwa kikamgonga, akarudi nyuma.

"Nyumba wameiziba kama chupa! Hawakukwambia jiko lisiingie ndani?"

"Walitaka sahihi tu, dada."

Kanga ikainuka kidogo kifuani mwa mtoto. Mwanashamba akainama, asijue kama ile ni pumzi au ni upepo.