Zamu ya Kutazama Mpaka

Halmashauri haikuwa na fedha za kuajiri walinzi wa mpaka, kwa hiyo kila kaya ilipangiwa kutazama kamera za mtoni kwa saa mbili kila siku. Mchana huo Nyamwiza alikuwa jikoni akichambua mchele alipoona kwenye kioo cha kamera mwanamke akivuka mto na mtoto mgongoni. Mwanamke yule alifika ng'ambo ya huku, akaketi kwenye nyasi, akaanza kunyonyesha.

“Bonyeza kengele, polisi waje,” mumewe alisema.

“Ngoja kwanza mtoto ashibe.”

Zamu yao ikaisha kabla hajabonyeza, na picha ikahamia kwa jirani yao, Mzee Kaijage. Nyamwiza akapakua maharage upesi, akampelekea ili amzubaishe.

“Ahsante, mwanangu,” mzee alisema akipokea bakuli. “Maskini, yule mama na kichanga chake. Nimeshabonyeza. Keti tule.”