Mistari Kabla ya Vichwa

Uongo ambao Namalwa alimwambia Chepkemoi, msichana mgeni wa ofisini, ulikuwa mmoja, tena mdogo. "Tuma mistari kwanza," alimwambia. "Vichwa vifuate baadaye."

Ukweli ulikuwa kinyume chake, na katika ofisi yote ya Jaydeep, muuza mbolea na mbegu wa Nakuru, aliyeujua ni Namalwa peke yake. Kila LPO, yaani oda ya duka, iligawanywa faili mbili kabla ya kutumwa kwa kompyuta ya msambazaji, Nairobi. Faili ya vichwa ilibeba namba ya oda, tarehe na jina la duka. Faili ya mistari ilibeba bidhaa zenyewe: mbolea, mbegu, dawa ya viazi. Mistari ikitangulia kichwa chake, kompyuta ya huko haikuuliza swali. Iliitupa.

Chepkemoi aliyaandika maagizo kwa biro nyuma ya mkono wake. "Asante, mama Shantel," akasema.

Ule upole ndio uliomkera Namalwa zaidi. Msichana ameingia juzi tu, na tayari boss anamwagizia chai. Wauzaji wa Elburgon na Keringet wakipiga simu humwulizia yeye, wacheke naye kidogo ndipo waseme shida yao. Namalwa alikuwa mbele ya kompyuta ya ofisi tangu inunuliwe, hadi macho yakaanza kumwasha, na hakuna aliyewahi kumwulizia. Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kilichomtisha lakini ni lile swali. Kila jioni Jaydeep alisimama mlangoni akauliza lile lile.

"Namalwa, ameshika? Anaweza kufanya peke yake?"

"Bado bado, boss."

"Harakisha basi. Mvua ndiyo hii."

Nani asiyejua maana ya maswali kama hayo? Unamfundisha mtu kazi yako, akishaijua unapewa mkono wa kwaheri. Na kazi yenyewe aliihitaji. Mumewe, Jerry, alikuwa fundi huko Kisumu, vibarua vya leo vipo kesho havipo, na binti yao Shantel alisomea huko huko. Mshahara wa Nakuru ndio uliomweka mtoto shuleni, ingawa mama mtu alimwona mwisho wa mwezi tu, na kila safari alimkuta amerefuka. Hata Jaydeep alilijua hilo. Majuzi, akipita tu, alimwuliza kama Jerry bado yuko Kisumu. Namalwa akaona anaonyeshwa njia ya kwenda.

Ndiyo maana Jumatatu ile ya Aprili 2007 alijisingizia kuumwa na jino, akalala nyumbani. Chepkemoi akatuma oda zote peke yake.

Alhamisi lori halikuja. Simu zikamiminika kutoka Keringet: wakulima wamefika dukani na punda wao, mashamba yameshalimwa, mbolea hakuna hata gunia. Jaydeep akawaita wote wawili ofisini kwake.

Namalwa aliingia akiwa amejiandaa kukana. Haikuhitajika.

"Ni mimi, boss," Chepkemoi alisema, macho yake chini. "Mama Shantel alinifundisha poa kabisa. Mimi ndio sikushika."

Aibu ilimchoma Namalwa, hilo hakulikataa moyoni. Lakini furaha ilikuwa kubwa kuliko aibu, na alimwacha msichana abebe lawama.

Jaydeep alivua miwani akayafikicha macho. Hakuonekana mwenye hasira, alionekana amechoka.

"Basi hiyo kompyuta ni yako, Namalwa. Hakuna mwingine wa kuiweza. Sitakuuliza tena."

"Asante sana, boss."

"Usinishukuru. Mwezi ujao tunafungua branch Kisumu. Umeneja nilikuwa nimekuwekea wewe, na nyumba juu yake, ukae na familia yako. Nilikuwa nangoja tu mtu wa kukushikia hapa ndio nikwambie." Alitikisa kichwa. "Sasa nikikutoa, hii biashara itasimama."

Kisha akamgeukia Chepkemoi.

"Kule hakuna kompyuta, ni kuongea na watu tu. Wewe utaenda?"