Kitambo cha Bendera

Bendera ilifika katikati ya mlingoti, ikagoma.

Firmin alikuwa amesimama wima mbele ya Landrova, mikono imebana mapaja. Alisonya moyoni. Jambo lenyewe lilikuwa la kitambo kidogo tu. Tarumbeta inalia jioni, kila mtu anasimama palepale alipo: mwenye baiskeli anashuka, mwenye gari anazima injini na kutoka nje, mama mwenye beseni la ndakala, dagaa wa ziwani, kichwani anaganda kama mti. Bendera inashuka, filimbi inalia, watu wanaendelea na safari zao. Ndivyo ilivyokuwa Zaire nzima. Lakini hapa Kalemie, mzee mmoja wa kaptula ya kaki, plantoni, yaani tarishi wa ofisi, alikuwa akivuta kamba huku, akiivuta kule, na kitambaa hakipandi wala hakishuki.

"Mujinga," Firmin alinong'ona bila kufungua midomo.

Mkubwa wake hakuwa mtu wa kungojeshwa. Walikuwa wametoka wote Lubumbashi juzi, na jana, katika ngoma za mapokezi, Mkubwa alimwona msichana aliyecheza mstari wa mbele, akauliza jina. Leo alisema maneno machache: "Umulete mbele ya giza." Firmin hakuuliza kwa nini. Dereva anayeuliza hugeuka mtembea kwa miguu.

Msichana mwenyewe, Christiane, alikuwa nyuma yake. Sheria ilimshusha garini yeye pia. "Simama hapo," Firmin alikuwa amemwambia. "Usitikisike."

Hasira ilikuwa imemwanza mapema, nyumbani kwao msichana, ng'ambo ya mto Lukuga.

"Mama, Mukubwa anamuhitaji kitambo kidogo tu," alimwambia mama wa msichana. "Anataka kumuuliza mambo ya masomo. Nitamurudisha mimi mwenyewe."

Mama Bertille alimtazama usoni mpaka Firmin akayashusha macho.

"Kitambo kidogo," mama alirudia. "Sawa, Papa. Baba yake yuko kazini, hatuwezi kumungojea. Lakini mutoto hawezi kwenda kwa mukubwa na vumbi miguuni. Na mimi unipe kitambo kidogo."

Basi maji yakatekwa, yakachemshwa. Nywele zikafumuliwa, zikasukwa upya. Pasi ikatiwa makaa. Jirani akatumwa kuazima viatu, akaenda mbio upande wa mjini, akakawia, akarudi mikono mitupu. Firmin alikaa uani juu ya kigoda, akichemka kuliko yale maji. Kila alipoita, sauti ilimjibu kutoka ndani: "Kitambo, Papa!" Msichana alipotoka, kivuli cha nyumba kilikuwa kimemeza ua wote, na miguuni alivaa kandambili zake zilezile za kila siku. Mama hakulia. Alimshika binti yake mabega, akamwachia.

Firmin aliendesha kama mwenda wazimu. Ndipo, mbele ya uwanja, tarumbeta ikalia.

"Vuta, muzee!" ofisa alifoka, mkono ungali kwenye kofia.

"Imeshikwa huko juu, shefu!"

"Vuta, nimesema!"

Nzi alitua kwenye mdomo wa Firmin. Hakuthubutu kumfukuza. Askari wenyewe walikuwa wameganda, macho juu, maana askari ndiye anayeadhibiwa wa kwanza. Kule nyumbani alikuwa na binti yake, Virginie, rika moja na huyu. Wazo hilo lilipomjia alilikasirikia kama alivyomkasirikia yule nzi. Ni mambo ya wakubwa. Yeye ni usukani tu. Dereva aliyemtangulia aliachwa njiani, karibu na Kongolo, kwa sababu alichelewesha chakula.

Nyuma yake mtu alikohoa. Bandarini, honi ya boti ya kwenda Moba ililia kwa muda mrefu. Hakuna aliyegeuza shingo. Mzee alivuta tena, akashika kiuno, akatazama juu, akapangusa jasho. Firmin aliona kama angempasua kichwa.

Honi ililia mara ya pili, kwa mbali kidogo.

Papo hapo bendera ikateremka, laini, kama kitu kilichopakwa mafuta.

Filimbi ikapulizwa. Uwanja ukapumua.

"Ingia upesi," Firmin alisema, akageuka.

Chini, kando ya gurudumu, kulikuwa na kandambili mbili. Juu yake hapakuwa na mtu.

"Ameenda wapi?" aliwafokea akina mama wa ndakala waliokuwa nyuma.

"Nani, Papa?"

"Ule binti! Alikuwa hapa, mbele yenu!"

"Aa, Papa," mmoja alijibu, akisawazisha beseni lake kichwani. "Sisi tulikuwa tunaangalia bendera."

Firmin aliuvuka uwanja kwa hatua za mtu anayekwenda kuua. Mzee wa kamba alikuwa peke yake chini ya mlingoti, akikunja bendera pindo kwa pindo. Firmin alimkaba ukosi.

"Muzee mujinga we! Unajua umenifanyia nini? Kukawia kwako kote huku, kwa kakamba tu! Nimepoteza mutoto wa watu!"

Mzee alimalizia pindo la mwisho, akaibana bendera kwapani, akamsogelea sikioni.

"Si wa watu, Papa," alisema polepole. "Ni wa kwangu."