Blanketi la Namsifu

Siku hizi kila nyumba inatoa mtu wa kulinda chanzo cha maji mlimani, siku tisa, na shanta ni la serikali, la kisasa, linajipima uzito na kusema na anayelibeba. Anayekwenda mara ya kwanza, likizidi kilo kumi na mbili zipu haifungi. Aliyewahi kwenda anaruhusiwa kumi na tano. Wamepanga hayo wakubwa, wanaolala kwenye magodoro. Mke wangu Namsifu alikwenda bila blanketi, akarudi na kichomi, tukamzika.

Leo ni zamu ya binti yetu, Nakijwa. Mimi wamenikataa kwa ajili ya mguu. Nikampangia: vizito katikati, vigusane na mgongo. Redio yao, betri zao, maji, unga. Juu kabisa blanketi. Zipu ikagoma.

"Litoe, baba. Nitavaa masweta mawili."

"Mama yako naye alisema hivyohivyo. Hebu vaa shanta kwanza, nilegeze mikanda."

Akalivaa. "Usiguse, limenikaa."

Kweli, kiunoni na mabegani hapakuwa na cha kulegeza. Mikanda ilikuwa bado kwenye vipimo vya mama yake. Shanta likatetemeka, likasema kwa ile sauti yao ya adabu:

"Karibu tena, Namsifu. Ni wewe?"

Hata kumfuta hawajamfuta.

Nakijwa akanitazama, machozi yanamlengalenga.

"Itikia," nikamwambia.

"Ni mimi."

Zipu ikajifunga juu ya blanketi.

Nikamsindikiza mpaka njiani. "Nenda salama, Namsifu," nikasema kwa sauti, ili lisikie. Hakugeuka.