Ngoy Aliyeitwa Chanda

Blauzi ya Keren ilikuwa imekwisha kuharibika kabla hata hajafika kwenye boksi la herufi C. Vumbi la Kambove ni jekundu, halisikii sabuni, na karatasi za kumbukumbu za ghala lile zilikuwa zimelala ndani yake tangu enzi za Wabelgiji.

"Mama, banaokuya huku banatafutaka makaratasi ya mashamba," alisema Elisée, karani wa ofisi, akiwa ameegemea mlango. "We unatafuta jina tu?"

"Jina tu."

Jina tu! Jina hilo lilikuwa limemkaa Keren kooni kwa miaka mitatu.

Yeye ni Keren Chanda, muuza dawa wa Kamalondo, mjini Lubumbashi. Mchumba wake ni Gauthier Chanda wa Bel-Air, fundi wa mitambo katika mgodi mmoja huko Kolwezi. Walipojuana walicheka sana: hata wakioana, bibi arusi hatabadilisha jina. Lakini siku Gauthier alipopeleka habari kwao, alirudi ameinamisha kichwa. Mama yake amekataa. Chanda na Chanda ni damu moja, eti, na ndugu hawaoani.

"Mama yangu njo vile," alimwambia. "Na iko na tension. Ukienda kule kumusumbua, atatufia. Uvumilie, chérie."

Keren akavumilia. Marehemu baba yake, Adalbert, angelimaliza neno hilo kwa jioni moja na kreti ya bia, lakini alizikwa kabla Keren hajamjua Gauthier. Na mama yake hakuwa mtu wa kwenda kugonga milango ya watu. Basi kila mwezi Keren alimpa Gauthier dawa za shinikizo la damu ampelekee mama huyo, zile nzuri kuliko zote dukani. Hakupata salamu wala asante. Alimchukia mama yule kwa moyo wote, na mwezi uliofuata akafunga pakiti nyingine.

Mdogo wake aliolewa, akazaa, akazaa tena. Shoga zake waliacha kumuuliza siku ya harusi yake, na huko kuacha kuulizwa kulimuuma kuliko maswali yenyewe.

Habari za sensa ya zamani alizisikia kwenye kilio kimoja pale Kamalondo. Mzee mmoja alisema kwamba makarani wa kikoloni waliandika kila mfanyakazi wa kambi za mgodi pamoja na kijiji chake na chifu wake, na kwamba karatasi za Kambove bado zipo. Keren alikosa usingizi. Akampigia Gauthier simu.

"Makaratasi ile ilisha kuoza," Gauthier alisema. "Unapoteza muda yako bure."

Keren hakubishana naye. Asubuhi alipanda basi.

Na sasa fiche, kadi ya sensa, ilikuwa mkononi mwake. Chanda, babu wa baba yake: mzaliwa wa kijiji kilicho karibu kabisa na Kambove, chifu wa palepale. Nyuma yake, kwenye pini ileile iliyoshika kutu, ilikuwapo ya pili: Ngoy, aitwaye Chanda. Kijiji chake kilikuwa mbali huko kaskazini, ng'ambo ya Lualaba. Chifu mwingine, kabila lingine. Mtoto mmoja wa kiume, Raphaël. Raphaël ndiye babu yake Gauthier.

Elisée alichungulia juu ya bega lake.

"Aa, hii iko mingi. Mu kambi balikuwa banapanaka majina. Muntu akikuvuta mu shimo ulisha kufunikwa na udongo, unatwaa jina yake, na batoto yako banaitwa vile. Hapana damu pale. Ni kusema merci tu."

Keren aliketi palepale sakafuni akalia. Alilia kwa furaha, na kwa hasira pia, maana alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne na kumbe kizuizi chote kilikuwa shukrani ya mchimba madini kwa mwenzake.

Elisée alimgongea nakala muhuri. Keren hakumpigia Gauthier. Alitaka kumshangaza na jambo lililokwisha. Aliposhuka Lubumbashi alikwenda moja kwa moja Bel-Air, na blauzi yake hiyohiyo chafu, akauliza nyumba mpaka akaipata.

Mama Angélique, mama yake Gauthier, alikuwa akivuka uwanja na beseni la maji kichwani, huku akiimba. Alikuwa mnene, mchangamfu, na hata hakuhema alipolitua. Keren alipiga magoti, akasalimia, akataja jina lake. Mama alipoketi, Keren alimwekea karatasi mapajani na kumweleza yote bila kupumua: shimo, udongo, Ngoy, Raphaël.

"Mama, hatuko damu moja," alimaliza. "Tafazali, musitukatalie tena."

Mama Angélique alisoma polepole. Kisha akamtazama Keren kwa huruma, akamfuta vumbi shavuni kwa ncha ya kitambaa chake.

"Mwana wangu, hii tunaijua. Papa Raphaël alikuwa anaielezaka kila Noeli, mpaka machozi inatoka. Miye nikatae juu ya nini? Kikwembe, kitenge ya ndoa yenu nilisha kununua zamani, iko mu malle, mu sanduku yangu. Tulitaka kutuma bakubwa kwenu, Gauthier akasema batafukuzwa. Ni papa yako Adalbert njo alikatalaka. Gauthier alienda kumuomba, akarudia, akarudia tena. Hata Pasaka hii alitoka kwa papa yako analia."